Chai Yangu Iwe Kavu

Mkwe wangu,

Nimempeleka mjukuu wangu kliniki kupimwa uzito. Uji umo kwenye chupa. Kopo la maziwa ya unga lifunikwe barabara, na kijiko kiingie kikavu.

Asubuhi nilikukuta ukimkorogea mtoto kijiko kimoja mahali pa vitatu, nikakukemea. Ukacheka: "Baba, yakiwa meupe si maziwa tu?" Nikakujibu kwamba hata maji ya chokaa ni meupe.

~~Nitangoja uniombe radhi kwa kicheko kile.~~

Hilo nimelifuta. Mume wako amenieleza mlangoni kwamba unayapunguza ya mtoto ili chai yangu isikose maziwa.

Heshima hiyo nimeipokea, lakini isimkondeshe mtoto. Ana miaka miwili. Mifupa yake ndiyo kwanza inajengwa, yangu imekwisha kujengwa zamani. Mkorogee kama kopo linavyoelekeza, kwa maji yaliyochemshwa, na umpe pamoja na yai au maharage, kwa maana maziwa peke yake hayatoshi kumkuza.

Chai yangu iwe kavu tangu leo. Ukinitilia maziwa kwa kunihurumia, sitainywa.

Babu yake