Sukari ya Juma na Sinia Yetu

Mdogo wangu Mwanamisi,

Kosa la wengi wenye sukari ni kupima asubuhi tu, kabla hawajatia kitu kinywani. Nambari ikiwa nzuri hushukuru, wakairudisha mashine kabatini, na yanayotokea baada ya kula hawayajui.

Uniwie radhi kulitanguliza hilo mbele ya salamu. Salaam aleikum. Goti lako linaendeleaje? Na watoto wa ndugu yetu Juma, huko kijijini Bongwe, wanalala vipi tangu mumzike baba yao? Alizikwa alasiri ile ile aliyofariki, nami nikiwa bado natafuta tiketi. Hapa Hamburg mimi na binti yangu tu wazima, ila baridi na msiba havikai vizuri katika nyumba moja.

Wajua kuwa marehemu ndugu yetu Juma alikuwa na programu ya simu ya kufuatilia sukari na uzito, na aliiunganisha na simu yangu ili nami nione. Kila asubuhi ilinijia alama ya kijani. Jioni, patupu. Programu humuuliza mtu amekula sahani ngapi, na Juma kila siku alijibu moja. Nikampigia.

“Sahani moja ya nini, Juma?”

“Ya wali, kaka.”

“Peke yako?”

Akacheka. “Na mashemeji zangu! Wewe umeshakuwa Mjerumani, kila mtu na kisahani chake kama paka.”

Sasa nikueleze. Waliotunga programu ile hula kila mtu na sahani yake, sinia hawaijui. Kwenye sinia huwezi kujua umekula kiasi gani, na kwetu mkubwa husukumiwa: huyu amsogezea nyama, yule wali wa nazi uliolowa mchuzi. Juma ndiye aliyekuwa mkubwa pale. Nilimwambia ajitenge.

“Nikijitenga watasema nimenuna,” akanijibu. “Wataniuliza nina kinyongo gani nao.”

Kwamba anaumwa, hakuwaambia. Walimsukumia kwa mapenzi mpaka figo zikashindwa.

Simu yangu haijapata habari za msiba. Kila asubuhi huniandikia: Juma hajapima leo. Binti yangu asema ni kubonyeza mara moja tu, jina liondoke. Naishika, naitazama, naiweka.

Na juzi ukanipigia kwa sauti ya chini kuwa daktari wa Msambweni amekukuta na sukari, na kwamba umeweka programu ile ile. “Ila wakaza wana, hawa wake za wanangu, wasijue, kaka. Wataniona kizee cha kulishwa.” Mwanamisi, tulizaliwa watatu, tumebaki wawili. Programu ni nzuri. Itakukumbusha dawa, itakuonyesha uzito unavyopanda na kushuka. Lakini haina mkono wa kumzuia mkaza mwana anayekupenda asikusogezee wali, na kwenye sinia yenu mkubwa sasa ni wewe.

Nisalimie shemeji yetu Mwanasha, mjane wa marehemu. Mwambie namwombea subira katika eda yake. Msalimie na maalimu aliyemswalia ndugu yetu nami sipo, na Riziki, mkaza mwana wako mkubwa, ambaye mapishi yake nayakumbuka hata nikiwa nimeshiba.

Ni mimi kaka yako Bakari, na ombi langu ni moja: leo, kabla hamjanawa mikono kwa chakula cha jioni, waambie wakaza wana wako kuwa una sukari.