Mnunuzi wa Arizona

Dada Lorna mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Ohio, ambako theluji imegoma kuondoka na sisi tumegoma kuizungumzia. Hujambo? Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisani? Nakuwaza sana Jumapili mchana, saa ambayo wewe na marehemu shemeji Russell mlikuwa mkitupigia simu, na naomba Mungu hiyo nyumba isikuelemee kwa kuwa peke yako. Mimi mzima, ukiacha presha. Emmett naye mzima, mzima kupita kiasi, na hilo ndilo lililonikalisha mezani kuandika.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Nimeishika simu wiki hii yote nikairudisha. Nikisikia sauti yako nitajua jibu kabla hujalitoa, nami sitaki kulijua kwa njia hiyo. Basi soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Unazijua bunduki za Emmett kule chumba cha chini, zile kuukuu alizokusanya tangu ujana. Watoto wamemwambia wazi hawazitaki, hata ya kutundika ukutani. Kwa hiyo tangu vuli anaziuza mwenyewe kwenye mnada wa mtandaoni, moja moja, wakati bado ana akili timamu ya kumweleza kila mnunuzi anachonunua. Nilifurahi. Niliona nitapata mahali pa kuweka cherehani yangu.

Huyo mume wangu anavyouza ungemcheka. Bunduki huilaza karibu na dirisha juu ya blanketi la viraka la Mama, akaipiga picha kutoka kwenye kitako mpaka mdomo wa mtutu, na mikwaruzo huipiga picha nyingi kuliko uzuri. Kama skrubu moja si ya asili, anaisema. Kama mtu aliusugua mti wa kitako ukang'aa upya, anasema kwa huzuni kama anayetangaza msiba, maana kwa watu wa kazi hii kuisafisha bunduki kuukuu ni kuiua. Kwa ukweli huo amejipatia jina. Wanunuzi wamemwandikia sifa chini ya kila alichouza, na asubuhi ananisomea hizo sifa mkate ukipoa mkononi.

Kati ya wanunuzi hao alizuka mmoja, mjane wa Wyoming anayeitwa Twyla. Huyu hakuridhika na picha, alipiga simu. Na kwa kuwa masikio ya Emmett yamekwisha, simu yake huiweka kwa sauti kubwa, nyumba nzima ikasikia. Twyla anataka kujua kila kitu. Siku moja alimwuliza, "Mzee Emmett, hiyo skrubu ya pili mbona imejeruhiwa, uliifungua kwa kisu cha siagi?" Emmett akacheka mpaka akakohoa. Lorna, kicheko kile nilikuwa nimekisahau. Nilisimama kwenye sinki na sufuria mkononi, nikiona wivu, mwanamke wa umri wangu mwenye wajukuu. Simu zikazidi. Akaanza kuchana ndevu kabla ya kupiga, kana kwamba Wyoming wanamwona. Nami nikaanza kubamiza milango ya makabati, na yeye, kwa masikio yale, hata hakujua kwamba nimenuna. Ninune nionwe na nani?

Nilimwuliza siku moja anaongea nini na huyo mama muda wote huo. Akasema wanaongea bunduki. Nikamwambia hata mimi naweza kuongea bunduki. Akanitazama kwa upole, akasema, "Mke wangu, tangu tuoane hujawahi kuniuliza hata moja imetoka wapi." Ni kweli, na ukweli huo uliniudhi kuliko uongo wowote.

Basi mwezi uliopita akaitoa ile ndogo. Unaikumbuka, ile nyepesi ya marisau yenye mitutu miwili, aliyonipa mwaka wa harusi yetu. Ndiyo pekee ndani ya nyumba hii iliyoitwa yangu. Aliniuliza kama nina kinyongo akiiuza, kwa sababu sijaigusa tangu watoto wakiwa wadogo. Nikasema sina, auze. Nilisema hivyo kwa kiburi, nikitaka anibembeleze. Hakubembeleza, akaichukua akaenda nayo dirishani.

Unajua mimi na bunduki ile. Kila majira ya kiangazi alinipeleka uwanjani nikalenga vile visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, na sikupata kitu. Wake za wenzake walipasua visahani wakicheka, mimi nikapasua mawingu. Emmett alikuwa akisema bega langu ni gumu, nilegeze. Nililegeza bega mpaka basi, kisha nikaacha kwenda. Nilijiona mwanamke asiyeweza kitu ambacho mumewe anakipenda kuliko vyote.

Twyla akapiga simu kuhusu hiyo ndogo. Nilikuwa chumba cha kufulia, nakunja taulo. Nikamsikia anauliza swali wanalouliza wote, kama kitako ni cha asili au kimeguswa. Nikasikia Emmett akivuta kiti. Mtu huyu hawezi kumdanganya mnunuzi, unamjua. Mkewe labda, mnunuzi hawezi.

Akasema, "Kimeguswa. Nilikipindisha mwenyewe kwa mvuke, majira ya kuchipua, kabla sijaoa. Kinamfaa mtu wa mkono wa kushoto."

Twyla akauliza kama mkewe ni wa kushoto. Emmett akajibu kwamba hapana, mkewe ni wa kulia, halafu akaanza kumweleza habari za mitutu.

Taulo likaniponyoka. Katika ukoo wetu, na katika mji wetu mzima kwa ninavyojua, wa kushoto ni mmoja. Ni wewe, uliyechapwa rula na mwalimu mpaka ukajifunza kuandika kwa kulia, lakini ukaendelea kurusha mawe kwa kushoto. Majira yale ya kuchipua wewe ndiye uliyekuwa ukitembea na Emmett. Vuli ukamwacha, ukaondoka na Russell kwenda Tucson, Arizona, na mwaka uliofuata nikaolewa mimi, nikapewa bunduki iliyopindishwa kwa ajili ya shavu lako la kushoto. Miaka yote nilidhani kosa ni bega langu.

Kuanzia siku ile Twyla si kitu tena. Ajinunulie anachotaka, acheke anavyotaka, simwonei wivu hata chembe. Wivu wote ulihamia Tucson, ukakukalia wewe.

Sasa sikiliza nilichofanya. Unakumbuka ile akaunti ya benki tuliyofungua pamoja tulipokuwa tukimwuguza Mama, na ile kadi yenye jina lako iliyobaki kwangu? Nilijiandikisha kwenye mnada ule kwa kadi hiyo. Jina nililoweka ni lako, na anwani ni yako. Wakati mnada unaendelea muuzaji huona majina ya kubuni tu, lakini ukiisha hupewa jina kamili la aliyeshinda. Nilitaka alione jina lako, na mimi niwe nimekaa pale pale nimwone anapoliona. Hakuna nililotaka zaidi ya hilo.

Mnada ulifungwa Jumapili jioni. Emmett alikuwa chini kwenye kompyuta, mimi jikoni, simu nimeificha nyuma ya bakuli la viazi, kuku yuko motoni. Twyla alitia dau, nami nikapandisha. Akapandisha, nikapandisha. Sheria yao ni kwamba dau likitiwa dakika za mwisho muda unaongezwa, kwa hiyo kila tulipokaribia kumaliza tukaanza upya. Emmett, aliyekwisha lijua jina la kubuni la Twyla, akapaza sauti kutoka chini, "Nadine, kuna mwendawazimu mmoja anang'ang'ana na Twyla." Nikamjibu apunguze kelele, napika. Kuku akaungua. Sikujali. Kama Twyla angenifikisha kwenye bei ya nyumba ningeifikia. Mwisho akachoka yeye.

Nikashuka na kahawa ya Emmett ili niwe karibu. Jina lilipotokea aliinama, akasogeza uso kwenye kioo. Kisha akavua miwani, akaifuta na ncha ya shati, akaivaa, akasoma tena. Nikamwuliza kama imeuzwa. Akasema imeuzwa. Nikamwuliza imeenda kwa nani.

"Mtu wa Arizona," akasema, akaifunga kompyuta.

Mtu wa Arizona. Na sikiliza, Dada, kwenye mnada ule ni mwiko jamaa wa muuzaji kutia dau, kwa sababu bei inapandishwa kwa hila. Shemeji mtu kabisa. Emmett ninayemjua mimi angewaandikia dakika ile ile kwamba mauzo haya yafutwe, mnunuzi ni ndugu wa mke wangu. Wakigundua watamfungia asiuze tena, na jina lake jema litaoza mbele ya wale watu wote wanaomsifu. Mtu anayetangaza mkwaruzo wa ukucha alinyamaza. Hakuwaandikia, na mimi hakuniambia. Nililala karibu naye nikingoja aseme "dada yako kanunua ile ndogo, ajabu eh?" Angesema hivyo tu ningecheka, ningekiri kila kitu, tukala kuku aliyeungua. Hakusema.

Unajua sheria, bunduki haitumwi mpaka mlangoni kwa mtu wa jimbo lingine. Lazima ipitie kwa mwenye duka mwenye leseni, mnunuzi aende na kitambulisho, jina likaguliwe, ndipo aondoke nayo. Mimi nilichagua duka lililo karibu na kanisa lenu. Nilidhani Emmett ataifunga kwenye boksi na kuituma kama alivyozituma nyingine zote, nami ningepata muda wa kukupigia na kukuomba uikatae ili irudi. Lakini boksi liko pale pale, tupu. Jumanne nikamsikia anaongea na mwenye duka wa Tucson, kwa sauti ile ile kubwa, anamwuliza kama Jumatatu watakuwa wazi. Kisha akamwomba, "Huyo bibi usimpigie kwanza. Nataka kumkabidhi mwenyewe hapo dukani."

Kwangu alisema anakwenda Tulsa, kwenye maonyesho ya bunduki. Huyu ni mtu ambaye kuendesha gari mpaka Columbus, hapa hapa Ohio, humchosha siku nzima. Leo asubuhi amenyoa shingo, akavaa shati la buluu, akaiweka ile ndogo kwenye mkoba wake wa ngozi nyuma ya kiti. Alinibusu, akaniambia nisimngojee kabla ya katikati ya wiki ijayo. Nikamfungia sandwichi za nyama. Ndiyo, nilimfungia chakula cha safari ya kwako kwa mikono yangu mwenyewe, na haradali juu.

Barua hii inakwenda kwa njia ya haraka, itakufikia Jumamosi, kabla yake. Kwa kutumia jina lako nimekukosea, na pesa iliyotoka kwenye akaunti ya Mama nitairudisha yote. Naomba radhi kwa hilo. Kwa kukuonea wivu siombi radhi, kwa sababu bado naona. Naona hapa nilipo, kalamu mkononi. Nawaza una nywele gani siku hizi, na kama ulijua kuhusu kitako kile, na kama alikufundisha kupiga nacho hata mara moja kabla hujaondoka.

Sikuombi umfukuze. Atakapofika atakuwa amechoka na mgongo unamuuma. Mkalishe, mpe kahawa, isiwe na sukari. Halafu mwambie kwamba aliyeinunua si wewe, ni Nadine, mkewe, na kwamba wewe hukujua neno. Mwambie kabla hajaanza kusema lolote, maana akishaanza hatakuwa na pa kurudi, wala mimi sitakuwa na pa kumpokelea. Mwambie, kisha mtazame usoni. Akicheka, mwambie arudi upesi, nitamwuliza habari za kila bunduki iliyobaki, moja moja, mpaka anikimbie. Uso ukimwanguka, Dada, usimharakishe. Mwache akae kwako siku anazotaka, kisha nipigie wewe, si yeye. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nisalimie mchungaji wenu na yule jirani wako mwenye mbwa watatu. Wajukuu wanakusalimu, mdogo ameng'oka jino la mbele. Jitunze, na hilo goti ulifunge usiku.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata sasa,

Nadine