Bastola Iliyoanguka kwa Kina Gakii

Kibet, shika simu! Basi soma. Nimeharibu kila kitu.

Niko kwa gari, nje ya nyumba ya kina Gakii hapa DeSoto. Leo ndio nilikuja kumwomba babake nimuoe.

Unajua tangu niibiwe kule Stafford sitoki bila ile bastola, si huku majuu ni ruhusa. Ile ya mtutu mrefu, ile wewe hunicheka ati ni ya kuwinda nyati. Nilivaa koti juu nikaona iko sawa.

Wakanikalisha kwa kochi la chini. Kuketi tu, kochi likasukuma mtutu, bastola ikapanda, ikatoka kiunoni. Ikaanguka miguuni pa mzee. Miguuni pake, Kibet!

Na kifungua mimba wake alipigwa risasi huko nyumbani Meru. Nilijua! Gakii aliniambia akilia.

Mamake akapiga nduru.  Mzee aliiokota, akatoa risasi moja moja, akanirudishia ikiwa tupu.

Akasema, "Risasi zitabaki hapa. Na Gakii pia."

Nikapiga magoti bro. "Baba, nisamehe." Akanifungulia mlango.

Gakii akanifuata hadi kwa gari. Nilidhani anakuja twende. Aliniuliza tu, "Kwetu ulikuwa unamwogopa nani?"

 Nikaingia kwa gari kama mjinga.

Amerudi ndani. Nimesikia ufunguo ukizungushwa mlangoni, na nimeshindwa hata ku-drive. Kuja unichukue, tafadhali.