Waya Wangu wa Redio Umemuunguza Mama Mkwe

Shangazi mshauri, naomba uniokoe kabla sijabaki na kuta nne. Mimi ni fundi viatu, shule niliiacha njiani lakini dunia nzima inanijua, maana nina leseni ya redio ya kuongea na watu wa mbali, hata manahodha nimewavunja mbavu, na ili sauti yangu ifike nilifunga waya mrefu kati ya miti miwili ya uani, ila shangazi, mti siupandi, nikisimama juu ya kiti tu nakumbatia ukuta, basi waya nikaufunga palipofika mkono wangu, na majirani wakiuliza mbona uko chini nawajibu, "Utaalamu huu, hamtauelewa." Sasa mama mkwe kaja kututembelea, kafua shuka zake, kaona waya umenyooka kama kamba ya nguo, kaanika, nami ndani najitapa kwa bwana mmoja wa ng'ambo, ile kubonyeza niongee nasikia yowe, kumbe kashika ncha ya waya, vidole vimeungua. Nikamwambia eti ni radi ya mbali! Jua linawaka! Akanitazama, akasema, "Mwanangu, kama umenichoka si ungesema tu?" Amehamia kwa shemeji yangu, na mke wangu anasema mama asiporudi, naye anamfuata. Nifanyeje?

Bingwa wa Mawimbi

Bingwa, nimecheka, halafu nikakasirika. Mpe mama pole yangu. Wewe, zima mtambo leo hii. Waya unaorusha mawimbi hauachwi pale mkono wa mtu unapofika, na ulilijua hilo, leseni hukuiokota. Tena nani kakwambia lazima upande? Funga kijiwe kwenye uzi wa kuvulia samaki, watu wakae mbali, kirushe kwa manati kipite juu ya tawi. Uzi uvute kamba, kamba ivute waya. Usiukaze sana, miti huyumba na waya utakatika. Na nyaya za umeme zikiwa jirani, usithubutu.

Lakini kilichomwondoa mama si vidole, ni ile radi yako. Mtu ameungua, unamdanganya mchana kweupe, afikiri nini kama si kwamba ulimtega? Nenda kwa shemeji yako mwenyewe, usipige simu. Sema mbele ya mkeo: "Mama, naogopa kupanda miti, nikaona aibu kusema." Watakucheka, shemeji ndiye atakayezidi. Usijitetee, usitie chumvi. Wakichoka kucheka, chukua mkoba wa mama, umsubiri mlangoni.