Alichosema Nahodha

Dunhuang, mwezi wa pili, mwaka wa tisa wa enzi ya Yongyuan

Mdogo wangu Heng,

Hujambo huko uliko? Sisi tunajikongoja. Nasikia mkuu wa msafara wenu hafungui kinywa bila wewe mkalimani wake. Lakini mama yu kitandani, hali kitu ila uji wa mtama, na jina lako halimtoki mdomoni. Hiyo nchi yenu ya Da Qin haitakimbia. Rudi umuwahi.

Dada yako, Rui


Anxi, ufukweni, mwezi wa nne, mwaka wa kumi

Dada Rui,

Shikamoo. Barua yako imeletwa na wachuuzi wa Samarkandi, siku ileile tulipofika baharini. Ng'ambo ndiko Da Qin, inakoishia hariri yetu, na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuikanyaga. Mkuu aliuliza kuvuka ni muda gani. Nahodha mmoja wa hapa akasema, "Miezi mitatu, upepo ukiwa mwema." Mimi nikatafsiri, "Miaka miwili, na wengi hufa kwa kutamani nyumbani kwao." Nahodha akaitikia kwa kichwa, akidhani nimefikisha maneno yake. Mkuu aliitazama bahari kwa muda mrefu, kisha akaamuru tufunge mizigo turudi nyumbani.

Mwambie mama anisubiri.

Mdogo wako, Heng


Dunhuang, mwezi wa tatu, mwaka wa kumi na moja

Heng,

Marahaba. Mama mzima, maji anachota mwenyewe. Kilikuwa kikohozi cha wiki mbili. Nilibaki na mama tu na kuta za nyumba hii, nikaona nikikuita kwa ajili yangu hutakuja. Nilipomsomea barua yako aliacha kumenya vitunguu. "Nani alimwambia nakufa?" Tangu siku hiyo hasemi nami. Nisamehe.

Dada yako, Rui


Kashgar, mwezi wa saba

Dada,

Shikamoo. Nimemweleza mkuu yote, nikingoja anikate kichwa. Alivua viatu, akakung'uta mchanga.

"Taarifa kwa mfalme ilishatangulia kwa farasi," akasema. "Imeandikwa miaka miwili. Basi ni miaka miwili."

"Turudi baharini, Bwana. Njia naijua."

"Nina miaka hamsini na sita, Heng."

Bado ananipa maneno yake niyatafsiri, tena kwa upole, na upole huo ndio unaoniumiza. Wewe sikulaumu. Wewe uliandika barua tu. Aliyesimama mbele ya ile bahari ni mimi.

Tutafika wakati wa mavuno. Msije kunipokea langoni.

Mdogo wako, Heng