Baba Aliuliza Chuo Chetu Kinasifika kwa Nini

Shikamoo Mama,

Nimeona niandike, maana kwenye simu nikisikia sauti yako nalia tu na hatuongei. Unakula? Daudi anasema unakula, lakini mdogo wangu huyo hata ungeshinda njaa wiki nzima angesema umeshiba. Mguu unaendeleaje? Na mbaazi zimevunwa, au nazo zinasubiri msiba upite? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa, sikufichi.

Video ya mazishi ya Baba niliiona. Walipofika kwenye wasifu wa marehemu wakasoma: "Ameacha mjane, kijana fundi cherehani, na binti daktari huko Marekani." Nikacheka, halafu nikalia sana. Daktari! Tangu siku hiyo shangazi wa kule Bonga ananiuliza dawa ya presha.

Baba hakuwa mwongo. Kila Jumapili alinipigia: "Neema, hicho chuo kinasifika kwa nini hasa? Watu huku wananiuliza." Namweleza ni chuo kidogo, tunasoma kidogo cha kila kitu, falsafa, historia, hata nyota, tumezunguka meza moja na mwalimu, tunabishana naye na hakasiriki. Ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Sawa mwanangu, lakini kazi yake ni ipi?" Ikabidi awape watu jina la kazi wanalolijua.

Habari ya kifo ilipoenea hapa, hakuna aliyekuja. Kadi za pole zilipenyezwa chini ya mlango, nikasikia watu wananyata kuondoka. Na hiki ni chuo ambacho hata mpishi anajua jina lako! Nikaona watu hawa hawana utu.

Niliporudi darasani, mwalimu wetu, mama mtu mzima, akaniambia taratibu, "Hatukutaka kukusumbua." Hasira zikanipanda. Nikasema, "Kwetu tunasumbuana. Mtu akifiwa majirani wanajaa mpaka uani, hata asiyejua la kusema anakuja kukaa." Kumbe kwao kumwacha mfiwa peke yake ndiyo heshima.

Jioni ile wakagonga mlango, mwalimu na darasa zima. Wakavua viatu, wakakaa chini, magoti yanagusana kwa jinsi chumba kilivyo kidogo. Mmoja akauliza, "Tuseme nini?" Nikamjibu, "Msiseme. Kaeni." Wakakaa kweli. Baadaye mwalimu akaniomba nimweleze Baba alikuwa mtu wa namna gani. Nilieleza mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyegusa simu yake. Ndipo nikalia, Mama, kile kilio ambacho ningelilia kaburini.

Nisalimie Mama Rehema, jirani yetu mwema, aliyewapikia wafiwa siku zote hizo. Shangazi mwambie aende hospitali, aache kunisubiri mimi. Daudi asikuache ulale peke yako.

Umeniuliza kupitia Daudi, siku ya arobaini watu wakitaka habari za udaktari wangu, uwajibu nini. Wajibu ukweli. Sema chuo cha Neema kinasifika kwa kukaa na mtu na kumsikiliza mpaka amalize. Wakicheka, waache wacheke. Ila kabla hujawaambia wao, nenda kaburini kule nyuma ya migomba ukamwambie Baba. Yeye ndiye aliyeuliza kwanza.

Mwanao akupendaye,
Neema