Maji Niliyompa Mpimaji

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Namanyere tumemaliza kuvuna ulezi, na shangazi yako amejifungua salama.

Umeniuliza kama enzi zetu hapakuwa na sheria ya kulinda ziwa. Ilikuwepo.

Nikiwa msichana kule Kabwe, waosha dhahabu walimwaga maji yenye zebaki, sumu wanayokamatia dhahabu, kwenye kijito kinachoingia ziwani. Siku moja akaja mpimaji wa maji wa serikali. Jua lilikuwa kali. Akakaa kivulini, akanituma nikamjazie chupa zake pale kijitoni. Nikaona aibu. Kwetu mgeni hapewi maji machafu. Nikapanda hadi chemchemi, nikazijaza maji tunayokunywa sisi, nikampa kwa mikono miwili huku nimepiga goti. Akanisifu kwa adabu.

Baadaye majibu yakasomwa mkutanoni: maji ni salama. Wale wakaendelea kumwaga, nasi tukaendelea kula samaki. Mimi nikanyamaza.

Babu yako alikuwa mvuvi. Leo mikono inamtetemeka, namlisha uji kwa kijiko.

Wewe unasomea mambo ya maji. Ukipewa chupa, shuka ukachote mwenyewe. Usimtume msichana mwenye adabu.

Bibi yako